Mifupa ya Panlas Juu ya Mlango

Panlas alikuwa na kero moja tu maishani mwake: hakunenepa.

Si kwamba hakula. Alikuwa mpishi wa wachonga mawe waliokuwa wakijenga hekalu jipya la mungu Shiva karibu na mto, na kutwa nzima mdomo wake haukupumzika. Alionja akipika, akalamba mwiko akipakua, kisha akaketi mkekani na kula pamoja na wafanyakazi kama mtu ambaye hajatia kitu tumboni tangu asubuhi. Wali, samaki wa ziwani waliochachushwa mtungini, mchuzi wa ukwaju, ndizi zilizopikwa kwa sukari ya mvumo, vyote vilipita kooni. Vilikokwenda baada ya hapo hakuna aliyejua. Mishipa ya shingo yake ilisimama kama kamba za kuvutia mawe, mabega yalichomoza kama pembe za ng'ombe, na wakati wa joto, alipojifunga shuka kiunoni tu kama wanawake wengine wote, mbavu zake zilionekana kutoka ng'ambo ya mto.

Wachonga mawe walimpenda kwa mkono wake wa mapishi, lakini hawakuacha kumtania. Walisema fundi akipoteza fimbo ya kupimia amchukue Shangazi Panlas, amlaze juu ya jiwe, kazi iendelee. Walisema upepo ukivuma afungwe kwenye mguu wa tembo. Yeye hakugombana nao. Waliosema sana aliwapakulia mikia ya samaki, walionyamaza akawapa minofu, na polepole kila mmoja akajifunza wakati wa kucheka na wakati wa kumeza.

Utani wao haukumuuma. Uliomuuma ulikuwa wa dada yake.

Dada yake aliitwa Kansru, mwanamke mnene, mwenye kutembea taratibu kama mtu anayejua kwamba njia itamsubiri. Walipokuwa wasichana, mfalme wa wakati ule alijenga hekalu kando ya bwawa kubwa, na mafundi walipita vijijini kutafuta wasichana wa kuwatazama wanapochonga wanawake wa mbinguni ukutani. Walifika nyumbani kwao. Walimtazama Kansru, wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Walimtazama Panlas, na mmoja wao akamwambia mama yao, kwa upole kabisa, kwamba huyu mdogo wampe chakula kwanza.

Tangu siku ile Kansru alikuwa ukutani na Panlas alikuwa jikoni. Kila mwaka, kwenye sikukuu ya maji, ukoo mzima ulikwenda kwenye hekalu la bwawa, na kila mwaka Kansru alisimama mbele ya ukuta, akainua kidole na kusema, "Yule pale ni mimi." Watoto walimtazama, wakatazama jiwe, wakamtazama tena. Kisha lazima amalizie kwa kumgeukia mdogo wake na kumuuliza kama yeye amekwisha kula.

Kwa hiyo Panlas, ingawa alikuwa mjane mwenye mvi na mjukuu wa dada yake alikuwa amekwisha kuolewa, bado alibeba moyoni tamaa ile ile ya msichana. Alitaka siku moja awe juu ya jiwe. Hakumwambia mtu. Lakini alipopeleka chakula uwanjani na kuona mwanamke wa mbinguni anajitokeza kutoka kwenye mwamba mwekundu, kwanza paji la uso, kisha kifua, kisha mkono wenye yungiyungi, alisimama akatazama mpaka mchuzi ukapoa.

Ndiyo maana, Ravang alipoanza kumkodolea macho, aligundua siku ile ile.

Ravang alikuwa fundi mkuu wa wachonga mawe, mtu wa maneno machache na vumbi jingi kwenye nyusi. Alikuja kula, akakaa upande wa pili wa moto, na badala ya kutazama bakuli lake akamtazama mpishi. Alitazama shingo. Alitazama mabega. Panlas alipoinama kuchochea kuni, alihisi macho yale mgongoni kama jua la mchana. Siku chache zilipita hivyo. Mwishowe Ravang alingoja wenzake waondoke, akarudisha bakuli lake mwenyewe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akasimama pale akilizungusha mikononi.

"Shangazi," alisema, "nakuomba jambo, usinikasirikie. Nataka uje uwanjani kesho nikutazame vizuri. Lile jiwe la juu ya mlango wa mashariki. Nataka uso wako ukae pale."

Panlas alimwambia kwamba ana kazi nyingi, kwamba uwanja una vumbi, kwamba atafikiria. Fundi alipotoa mguu tu, alifunika chungu, akajitanda kitambaa begani na kwenda moja kwa moja kwa dada yake.

Kansru alikuwa anatafuna tambuu barazani, chini ya nyumba yake ya nguzo ndefu. Aliposikia habari aliacha kutafuna. Aliuliza kama Ravang ameona vizuri, au alikuwa na moshi machoni. Panlas alimjibu kwamba fundi amemtazama siku kadhaa mfululizo, tena si ukutani, bali juu ya mlango, mahali ambapo kila anayeingia atamwona kabla hajamwona mungu mwenyewe. Kisha akaomba kuazima vipuli vya dhahabu.

Kansru alitema tambuu. Halafu akaingia ndani, akavitoa, akamkabidhi mdogo wake mmoja mmoja, akisema avirudishe vikiwa na uzito ule ule. Akaongeza kwamba atakuja kuangalia kazi, pamoja na majirani.

Asubuhi yake Panlas alifika uwanjani amejipaka manjano mwili mzima, nywele zimebanwa juu na kuzungushiwa asumini, vipuli vikimvuta masikio mpaka karibu na mabega, na mkononi ameshika chipukizi la yungiyungi kwa vidole viwili kama wanavyoshika wale wa ukutani. Wachonga mawe waliacha kugonga. Hakuna aliyethubutu kucheka, kwa sababu chakula cha mchana kilikuwa hakijapakuliwa.

Ravang aliweka tindo chini. Alimketisha juu ya gogo, akakohoa, kisha akamwomba aweke lile ua kando. Na vile vipuli. Na kama itawezekana, ainue mabega kidogo ili ile mifupa ya chini ya shingo itokeze. Na afungue mdomo.

"Nifungue mdomo kwa nini?" Panlas aliuliza. "Nimewaona wale wote. Hakuna aliyefungua mdomo."

Fundi alitazama kando, na Panlas akafuata macho yake mpaka kwenye jiwe lenyewe, lililokuwa limelazwa juu ya magogo. Lilikuwa limechorwa kwa mkaa. Katikati Shiva alicheza ngoma, mikono yake kumi imetanda kama mapezi ya samaki. Na chini, miguuni pake, kwenye kona, alikuwepo mtu. Alikuwa mwanamke mzee, amechuchumaa. Mbavu nje. Maziwa yamelala kama mifuko mitupu. Macho yamezama, mdomo wazi. Mahali pa uso palikuwa pameachwa wazi, pakimsubiri yeye.

Kando ya jiwe alisimama mama mmoja wa kigeni aliyevaa nguo nyekundu iliyofunika bega. Huyu alikuwa Nangai, mke wa Sattan, mfanyabiashara wa nguo kutoka nchi ya Watamili, ng'ambo ya bahari. Sattan na mkewe ndio waliotoa zawadi ya jiwe lile, na Nangai ndiye aliyesema nini kichongwe juu yake. Alikuwa anamtazama Panlas huku machozi yanamlengalenga, na akasema kwa furaha kubwa, "Huyu ndiye. Ravang, huyu ndiye kabisa."

Panlas alisimama. Aliokota yungiyungi lake, akalipangusa vumbi, akavaa kipuli cha kushoto kisha cha kulia, na kuondoka.

Mlangoni mwa uwanja alikutana na dada yake akiwa na majirani. Kansru alichungulia juu ya bega la mdogo wake, akaliona jiwe, akaelewa. Alicheka mpaka ikabidi akalishwe kwenye gurudumu la mkokoteni. "Mdogo wangu," alisema alipoweza kupumua, "kumbe walikuwa wanatafuta njaa, si mtu."

Mchana ule wachonga mawe walikula wali kwa chumvi. Jioni walikula wali. Kesho yake chumvi ilirudi, lakini wali ulikuwa umeungua chini na kuwa mbichi juu, na hakuna aliyeamini kwamba mkono ule ulikosea kwa bahati mbaya. Panlas hakupiga kelele wala hakununa. Alipakua kwa heshima, akawatakia mlo mwema na kurudi jikoni. Watu wote wakamgeukia Ravang. Walimuuliza kama hakuona mwanamke mwingine mwembamba katika nchi nzima. Mmoja alimwambia kwamba yeye ni fundi mkubwa, lakini mtu anayechokoza mpishi hastahili kushika tindo.

Masikini Ravang alikuwa amebanwa. Katika nchi yao hakuna fundi aliyewahi kufundishwa kuchonga mwanamke mzee. Walifundishwa msichana: mashavu hivi, kiuno hivi, tabasamu hivi, na mikono ililijua umbo hata macho yakiwa yamefumbwa. Nangai alipomwomba amchongee mama mtakatifu wa kwao aliyekonda, alijaribu kwa mara ya kwanza, na mikono yake yenyewe ikamnenepesha. Nangai alilitazama jiwe akasema huyu ni mke wa tajiri anayesubiri chakula. Akajaribu tena, akachonga zimwi lenye meno ya nje, na Nangai akalia. Lile lililokuwa juu ya magogo lilikuwa jiwe la mwisho lililobaki. Ndipo siku moja, akila, akainua kichwa na kumwona Shangazi Panlas amesimama ndani ya moshi, mwiko mkononi, anacheka jambo fulani, kila mfupa mahali pake.

Siku ya tatu ya wali mbaya, Nangai alikuja jikoni mwenyewe. Hakuja na mtumishi. Alivua ndala mlangoni, akaketi chini, akavuta ungo na kuanza kuchambua mchele bila kuombwa. Panlas alimwacha. Aliona tu kwamba vidole vya yule mama vilijua kazi.

Baada ya muda Nangai alisema kwamba hakujua kuwa Panlas hakuelezwa. Kikhmeri chake, lugha ya huku, kilikuwa kizuri, ila kilipanda na kushuka kwa wimbo wa kwao. Alisema kule kwao kila mtoto anamjua yule mama. Aliishi Karaikal, mji wa bandari, mke wa mfanyabiashara, mzuri wa sura na umbo. Siku moja mume alituma maembe mawili nyumbani. Akaja mwombaji wa dini, ana njaa, na chakula hakijaiva isipokuwa wali, basi mke akampa wali na embe moja. Mume akaja, akala lile la pili, akalipenda, akaomba na lile jingine.

"Hapo yamemkuta," Panlas alisema. Hakuwa amekusudia kusikiliza.

"Yamemkuta. Akaingia ndani akamwomba Shiva, na embe likaanguka mkononi mwake. Mume alilila, likalishinda kwa utamu hata lile la kwanza. Akauliza limetoka wapi. Mke akamwambia ukweli. Akasema basi omba jingine nione. Akaomba, likaja, mume alipolishika likatoweka. Akaogopa, akapanda meli, akaenda kuoa mji mwingine."

"Aliogopa embe?"

"Alimwogopa mke."

Panlas alifikiria kidogo. "Hapo namwelewa," alisema. "Marehemu wangu naye nikinyamaza tu alikuwa anatoka nje."

Nangai alicheka mpaka mchele ukamwagika, wakauokota pamoja, Panlas naye akavuta ungo. Kisha akaendelea. Yule mama alipojua kwamba mume hatarudi, alimwambia Shiva kwamba mwili huu mzuri aliuweka kwa ajili ya mume, na sasa hauhitaji tena. Akaomba auvue kama mtu anavyovua nguo nzito. Nyama ikamtoka yote, akabaki mifupa na sauti. Akaenda mpaka mlima wa Shiva, na kwa kuwa hakutaka kuukanyaga kwa miguu, alitembea kwa kichwa.

"Kwa kichwa?" Panlas aliuliza. "Na shuka je?"

Nangai alikiri kwamba katika maisha yake yote hajawahi kusikia mtu akiuliza hilo.

"Mimi ndilo ningeliwaza kwanza," Panlas alisema. Alichochea moto, akaurudisha uzuri wa yule mama akilini mwake, akaugeuzageuza. "Kwa hiyo hakunyang'anywa. Aliutoa mwenyewe."

"Aliutoa mwenyewe. Na Shiva alipomwona anakuja, yule mungu asiyezaliwa na mtu, asiye na baba wala mama, alimwita Mama. Akamuuliza anataka nini. Akasema anataka kukaa miguuni pake, ampigie matoazi akicheza."

Panlas hakuwa amejaliwa mtoto. Alikuwa shangazi wa uwanja mzima, lakini neno lile lingine hakuna aliyewahi kumwita. Aliacha ungo ukae magotini.

Nangai akafungua fundo la nguo yake, akatoa matoazi mawili madogo ya shaba, yaliyolika kingo kwa kushikwa. Yalikuwa ya mama yake. Alisema aliposhuka melini na kufika huku, siku ya kwanza alipelekwa kwenye hekalu na akaona maandishi yaliyochongwa kwenye nguzo ya mlango, herufi zake zinafanana na za kwao kama watoto wa ndugu wawili. Alizipapasa kwa mkono kama kipofu. Alimwona Shiva, alimwona fahali anayempanda, akafurahi. Lakini yule bibi wa kuchuchumaa kwenye kona, ambaye mama yake alimwimbia kila asubuhi, hakumwona popote. "Wamemleta mwana wakamwacha mama," alisema. "Nami nimezeeka huku. Sitarudi. Nilitaka nikiingia mlangoni nimkute mtu wa nyumbani."

Waliendelea kuchambua mchele mpaka ukaisha. Mchana ule wachonga mawe walikula samaki kwa ukwaju, na wengine walifumba macho wakitafuna.

Panlas alimfuata Ravang uwanjani na masharti yake. La kwanza, atafungua mdomo, lakini kwa sababu anaimba na kucheka, si kwa sababu ana njaa. La pili, atachongwa na meno aliyonayo, yasiongezwe wala kupunguzwa. La tatu, Ravang asimzidishie hata mfupa mmoja. "Niliyonayo inatosha," alisema. Ravang alikubali yote kabla hajamaliza kuyataja.

Basi kila siku, baada ya kuosha vyungu, Panlas alikaa juu ya gogo na matoazi ya Nangai mkononi. Mwanzoni aliona haya. Kisha Nangai akamfundisha wimbo mmoja wa kwao, na Panlas, ambaye hakuelewa neno hata moja, aliuimba kwa lafudhi iliyomfanya Nangai ajishike mbavu. Ravang naye alikuwa anajifunza upya kama mwanafunzi. Mkono wake ulizoea kujaza. Sasa ulitakiwa kuacha. Alipofika kwenye kifua alisita, akauliza kwa sauti ndogo maziwa yalale kiasi gani. Panlas alimwambia asimame asubuhi aangalie bendera ya hekalu kabla upepo haujaanza. Alipochonga mabega mikono ilitaka kuyafanya mviringo, na Panlas aliposikia tindo linakwenda sana upande mmoja alisema bila kugeuka, "Unaninenepesha." Ravang alirudisha tindo.

Hofu moja ilibaki, nayo haikumwacha hata alipoimba. Siku ya kupandisha jiwe na kufungua macho ya sanamu, vijiji vyote vitakuja. Kansru atakuja. Panlas alijua dada yake amekwisha kutunga la kusema, na kwamba atalisema kwa sauti, na kwamba litaishi kuliko wao wote wawili.

Siku ilifika. Tembo walilivuta jiwe, kamba zililia, jiwe likakaa juu ya mlango wa mashariki kama kifuniko kwenye chungu chake. Kuhani akapanda ngazi na sindano yake ya dhahabu, akafungua macho ya Shiva kwa kuyachora mboni, kisha akashuka kidogo na kufungua ya yule bibi. Kitambaa kilicholifunika jiwe kikaondolewa.

Watu walitazama juu. Walikuwa wamezoea kutazama kuta za mahekalu kama mtu anavyotazama shamba la mpunga, yaani zuri lote, kila shina kama jenzake. Sasa macho yao yalipita juu ya mungu, yakapita juu ya wapiga ngoma, yakafika kwenye kona na kukwama. Pale palikuwa na bibi kizee, mifupa mitupu, matoazi mkononi, anacheka na meno yake machache kama mtu aliyeambiwa jambo zuri muda huu huu. Panlas alisimama nyuma ya nguzo. Alimwona Kansru mbele kabisa, ameinua kidevu, anavuta pumzi ya kusemea.

Lakini aliyesema alikuwa mwingine. Mwanamke mmoja wa mashambani, aliyekuja kutoka mbali na wali wake ndani ya jani la mgomba, alikuwa ndiyo kwanza amelifungua jani ale. Aliinua macho, akamwona yule bibi, mkono ukasimama katikati ya njia.

"Huyo bibi wa nani?" aliuliza watu wa karibu. "Mbona hajala?"

Katika nchi ile hata mtu mkorofi kiasi gani hawezi kula mbele ya mzee aliyekonda bila kumkaribisha kwanza. Yule mwanamke alitazama wali wake, akatazama juu, akaona haya. Akafinyanga tonge, akaomba mwanzi mrefu kwa mfanyakazi mmoja, akalibandika tonge kwenye ncha, na mbele ya kuhani na wakubwa wote akalinyanyua polepole mpaka kwenye mdomo uliokuwa wazi. Lilikaa vizuri. Ravang alikuwa ameuchonga mdomo ule kwa kina.

Kuhani aliinua mkono kuzuia. Watu wakamtazama Nangai, mwenye jiwe, waone kama amekasirika. Nangai alikuwa amejifunika mdomo kwa ncha ya nguo, mabega yanatikisika, na ilichukua muda kujua kwamba anacheka. "Mwacheni," alisema. "Bibi huyu alimpa mwombaji embe la mumewe. Ni haki yake naye apewe."

Hapo mwanzi ukaanza kugombewa. Mmoja alipandisha kipande cha samaki, mwingine ndizi. Asiyefikia alibebwa mabegani. Mpaka jua linainama, yule bibi wa mawe alikuwa na wali kwenye kidevu na sukari ya mvumo kwenye matoazi, anacheka tu. Kansru alikuwa bado amesimama mbele na lile neno lake mdomoni. Hakupata mahali pa kuliweka.

Tangu siku ile watu walianza kuja. Hawakuuliza hekalu la bwana fulani wala la mfalme fulani. Waliuliza njia ya kwa Bibi wa Matoazi. Waliacha vikapu kizingitini, na kwa kuwa jiwe halimalizi chakula, kuhani aliamuru kikishabarikiwa kiende jikoni kwa wafanyakazi. Panlas akajikuta anapumzika siku nzima huku sanamu yake ikipikiwa. Wachonga mawe walisema Shangazi amepata kazi mbili na hafanyi hata moja.

Sikukuu ya maji ilipofika, ukoo ulikwenda kwenye hekalu la bwawa kama kawaida. Kansru alisimama mbele ya ukuta, akainua kidole. "Yule pale ni mimi."

"Mwaka jana ulikuwa yule wa kushoto kwa dirisha," Panlas alisema. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa tu amekumbuka.

Kansru alishusha kidole. Alitazama wa kushoto kwa dirisha. Akatazama wa pili, akasogea, akatazama wa tatu. Alitembea ukuta mzima mpaka kwenye kona na kurudi, akiwakagua usoni mmoja mmoja kama mama anayetafuta mtoto wake kwenye kundi la watoto. Wote walikuwa na shavu lile lile, kiuno kile kile, tabasamu lile lile. Mwishowe aliketi kwenye ngazi, akijipepea kwa jani.

"Mimi ni mmoja wao," alisema. "Hilo nina hakika nalo."

"Wewe ni mmoja wao," Panlas alikubali, akaketi kando yake. "Mzuri kuliko wote. Ila wamekuficha."

"Uso wako mtu anauona kutoka njiani."

"Wangu una njaa, dada. Lazima uonekane."

Kansru alitaka kukasirika, kicheko kikamwahi.

Baada ya mavuno, asubuhi moja, Panlas alikuwa anafagia mbele ya mlango wa mashariki alipomwona dada yake anakuja kwa mwendo wake ule wa taratibu, bakuli lililofunikwa mikononi. Kansru hakumsalimu. Alichukua mwanzi uliokuwa umeegemezwa ukutani, akafunua bakuli, akatoa kipande cha samaki mwenye tangawizi na kukipandisha juu kwa uangalifu, ulimi umetoka pembeni ya mdomo, mpaka kikakaa kati ya yale meno machache. Kisha akakunja mikono mbele ya paji la uso na kuinama, jambo ambalo kwa tumbo lake halikuwa dogo.

Panlas alisubiri amalize. Halafu akachovya kidole kwenye bakuli, akaonja.

"Chumvi haijakolea," alisema.

"Sikukuletea wewe," Kansru alimjibu, akampa bakuli lote. "Kaa ule."